Kiegemeo Kilichoregeshwa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kiegemeo cha mshale kilisogea kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Ibtisam Vuai alikisukuma tena, safari hii kwa ncha ya kalamu, kwa kuwa hakuridhika na jaribio moja. Kilisogea tena. Upinde ulikuwa umelazwa juu ya meza ya chuma katika chumba cha vielelezo, Riyadh. Ulikuwa upinde mweusi wa kuwindia, wa kisasa, ugwe wake ukipita kwenye roda mbili, moja juu na moja chini. Kiegemeo chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kiberiti, kimefungwa kwa skrubu ubavuni mwa mpini. Kazi yake ni kuubeba mshale mpaka unapoachiwa. Kikilegea, mshale hautoki kama ulivyolengwa.

"Umeona mwenyewe, ustadha," alisema Nakibu Sultan, afisa aliyeshika faili. "Skrubu imelegezwa. Dereva amekiri kuwa yeye ndiye aliyeilegeza. Kijana alipovuta, mshale ukamponyoka ukaenda pembeni, mfanyakazi akafa. Wakili wako anataka nini zaidi?"

"Anataka nitazame."

"Umeshatazama."

"Bado."

Ibtisam alizaliwa Jeddah, mjukuu wa Wazanzibari waliohamia huko baada ya 1964. Alisomea kemia, akafanya kazi maabara, kisha akawa mpelelezi wa ofisi ya mawakili. Kiarabu chake kilikuwa cha Hijazi. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwa bibi yake. Kesi hii alipewa kwa sababu ya hicho cha pili.

Aliyekufa aliitwa Velma, Mkenya, mfanyakazi wa ndani wa mzee Fahd katika mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Familia ilikuwa imekwenda Riyadh kupumzika kwenye istiraha, shamba la kukodi lililozungushiwa ukuta nje ya mji, na ilikuwa imewachukua wafanyakazi wake. Mishal, mtoto wa Fahd, alikuwa akifanya mazoezi ya kuwinda. Mshale wake ulimpiga Velma kifuani. Aliyewekwa ndani ni Onesmus, dereva, Mkenya vilevile. Shtaka lilisema alilegeza kiegemeo makusudi ili kumdhuru mtoto wa bosi wake. Wakili hakumficha Onesmus: likithibitika, hukumu inaweza kuwa ya kifo.

Ibtisam aliuinua mfuko wa plastiki wenye mshale. Ncha yake ilikuwa ya mazoezi, ya mviringo, isiyo na makali ya kando. Nyuma kulikuwa na manyoya matatu ya plastiki. Aliyaangalia kwa lenzi, moja moja.

"Hayana mkwaruzo," alisema.

"Yana damu."

"Damu si mkwaruzo. Mshale ukiponyoka kiegemeo, manyoya hukwaruza chuma. Haya ni mazima."

"Ustadha, mimi si mwindaji, na mahakama si kilabu cha pinde. Ninayo skrubu na ninao ukiri."

"Kabla ya kumfikia Velma, mshale ulipita wapi?"

Sultan alifunua ukurasa. "Kwenye turubai la plastiki. Limewekwa kutenga upande wa wanaume na upande wa jikoni."

"Liko wapi?"

"Palepale. Tulipiga picha. Hatukubeba shamba zima."

*

Onesmus aliletwa na pingu mikononi. Alikuwa mtu mrefu aliyezoea kuinama, kama madereva wengi wa magari ya watu wengine. Aliposikia salamu kwa Kiswahili alikaa wima.

"Dada, mimi hata manati sijawahi kuvuta, seuze upinde."

"Lakini kiegemeo ulikishika."

"N'likishika, ndiyo. Halafu n'likiregesha."

Ibtisam aliacha kuandika. "Sema tena, polepole."

"N'li-ki-re-ge-sha. Mwenyewe. Kabla hatujatoka Jeddah."

"Ulikiregesha wapi?"

"Kwa yule kijana wa pinde. Mishal alichukua viwili ajaribu, kimoja cha brashi na kimoja cha kuanguka. Cha brashi hakukipenda. Akan'ambia, Onesmus, yalla, peleka hiki dukani. N'kakitia kwenye mfuko wa mkate, n'kakipeleka. Hicho kilicho kwenye upinde sikukigusa mimi."

"Na polisi uliwaambia hivyo?"

"Neno kwa neno. Kuna mtu alikuwa ndani ya simu akitafsiri. Mtu wa bara, kwa kuongea kwake. Nikisema moja yeye asema moja, afisa aandika. Mwisho nikatia dole."

"Kwenu wapi?"

"Kisauni. Mama Mrabai, lakini mimi nimezaliwa Kisauni, Mombasa."

Ibtisam aliandika neno moja, akalipigia mstari.

"Mishal na Velma walikuwa na ugomvi?"

Onesmus alimtazama askari wa mlangoni, ambaye hakujua Kiswahili. "Velma alimshtakia madam. Kwamba Mishal anaingia chumba chao wakilala. Madam akamtwanga kofi Velma. Mishal akajua."

"Ulimsikia akimshtakia, au uliambiwa?"

"Aliniambia Velma. Garini, tukija Riyadh."

"Basi ni la kuambiwa. Mahakamani halisimami peke yake."

"Wewe dada, hata pole huna?"

"Pole haitakutoa humu."

Onesmus alicheka pumzi moja, akaacha. "Watanikata?"

"Sijui. Inawezekana. Ndiyo maana nakuuliza mambo madogo."

*

Mtu wa ndani ya simu aliitwa Allan, naye aliishi Manfuha, kusini ya Riyadh, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa mbao mpaka ikawa na vyumba vingi kuliko madirisha. Alitokea Kitale. Kiarabu alikiokota kwa kuendesha lori la maji, na akitakiwa mtu wa Kiswahili, hupigiwa yeye. Alifungua mlango nusu.

"Wewe ni wa jawazati, wa uhamiaji?"

"Ni wa wakili."

"Wote husema hivyo." Alimkagua kuanzia abaya hadi mkoba. "Lakini Kiswahili yako ni ya taarifa ya habari. Ingia, madam."

Ibtisam hakukaa. "Yule dereva, Onesmus. Alisema nini juu ya kiegemeo?"

"Alisema amekiregeza. Mimi nikasema kwa Kiarabu, amekilegeza mwenyewe kabla ya safari. Wakaandika. Halas."

"Alisema nilikiregeza, au nilikiregesha?"

"Si ni kitu moja?"

"Si kitu kimoja."

"Madam, network ilikuwa mbovu, na huyo jamaa anaongea ni kama ameweka chai moto kwa mdomo. Sh, sh, sh. Watu wa Coast hutafuna maneno, wakimaliza wanatuambia sisi ndio hatujui Kiswahili."

"Ukichukua kitu cha mtu, kisha ukampelekea, kwenu husemaje?"

"Nimerudisha."

"Na shuleni mlifundishwa neno jingine."

"Rejesha."

"Mombasa husema regesha. Unguja pia. Bibi yangu hakusema vingine mpaka anakufa."

Midomo ya Allan ilijaribu maneno yote mawili, moja baada ya jingine, bila sauti. Kisha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"So alisema ameirudisha."

"Dukani, Jeddah. Kiegemeo kingine kabisa."

"Na mimi nikaambia polisi ameilegeza." Alijishika kichwa. "Wueh. Nimemfunga mtu na herufi."

"Utasahihisha mbele ya afisa?"

"Niende huko? Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, ilikufa mwaka jana, madam. Kafili, mwajiri aliyenidhamini, simu hashiki. Nikiingia huo mlango, mimi ndiye nitatafutiwa mtafsiri."

"Ulitafsiri kwa simu. Sahihisha kwa simu."

"Wakiuliza niko wapi?"

"Siku ile walikuuliza?"

"Hapana."

"Basi wanachotaka ni sauti yako."

Allan aliifuta simu kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu. Ibtisam alimpigia Sultan kwa simu yake, akaweka sauti ya wazi. Allan alieleza kwa Kiarabu cha barabarani, akarudia, akayatamka maneno mawili yale kwa Kiswahili ili afisa asikie jinsi yanavyokaribiana. Jasho lilimtoka, lakini hakuchanganya.

"Nimerekodi," alisema Sultan. "Ukiri umepungua uzito. Lakini neno haliwezi kukaza skrubu, ustadha. Skrubu bado imelegea, na mtu fulani aliilegeza."

"Nakubali. Swali ni lini. Kabla ya mshale, au baada yake?"

"Utalijibuje?"

"Naomba tukalitazame turubai. Saa ileile ya alasiri aliyopigwa Velma."

*

Istiraha ilikuwa upande wa Thumama, kwenye ardhi tambarare ya mchanga na mawe. Ukutani kulikuwa na kichwa cha swala wa kuchongwa. Mahali pa kupigia palikuwa na mstari mweupe chini na, mbali mbele, shabaha ya sponji. Mkono wa kulia wa mstari ule, hatua chache tu, lilisimama turubai jeupe la plastiki kwenye fremu ya mabomba, limekazwa kwa kamba pande zote. Nyuma yake palikuwa na bomba la maji na sinki ya kuoshea vyombo.

Ibtisam alisimama kwenye mstari akatazama shabaha, kisha akageuza kichwa. Tundu lilikuwa kuliani kwake hasa, usawa wa kifua.

"Mishal anasema alikuwa akigeuka kumsemesha baba yake," alisema Sultan. "Ugwe umevutwa. Kiegemeo kikalegea, mshale ukateleza, mkono ukaachia."

"Basi mshale ulitoka kichwa upande mmoja na mkia upande mwingine."

"Ndivyo anavyosema."

"Hivyo ndivyo ungetoka kwenye kiegemeo kilicholegea. Njoo ulitazame tundu."

Picha zilizokuwamo kwenye faili zilikuwa zimepigwa kutoka mbali, na tundu lilionekana kama nukta. Kwa karibu lilikuwa na umbo. Katikati palikuwa na duara safi lenye unene wa mshale. Kutoka kwenye duara hilo zilitoka pasuko tatu fupi, zenye urefu sawa, zikiachana kwa nafasi sawa. Ibtisam alipima kila moja kwa rula ya chuma. Hakukuwa na mchano mwingine.

"Duara ni mwili wa mshale," alisema. "Pasuko tatu ni manyoya matatu. Mkia umepita palepale kilipopita kichwa."

"Maana yake?"

"Sitaki kuisema kabla ya kujaribu. Naomba kipande hiki kikatwe kwa mkono wako na kitiwe lebo yako. Na kipande kingine kisicho na tundu, cha turubai hilihili."

Sultan alitoa kisu. Kabla hajakata, Ibtisam alimwomba mlinzi wa istiraha, mzee wa Kisudani, aende upande wa pili asimame mbele ya sinki.

Jua lilikuwa limeshaelekea magharibi, nyuma ya sinki. Mzee aliposimama, kivuli chake kilijichora kwenye plastiki nyeupe: kichwa, mabega, kilemba. Aliinua mkono kujikuna sikio na vidole vyake vikahesabika. Tundu lilikuwa chini kidogo ya bega la kushoto la kivuli.

Sultan alikitazama kivuli kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika kukiona.

"Haj," aliita, "toka hapo. Toka upesi."

*

Kesho yake Ibtisam alikuwa Jeddah. Karakana ya Rayan ilikuwa nyuma ya ukumbi wa kufundishia kupiga pinde. Rayan naye alikuwa mtoto wa Wazanzibari wa mji ule, fundi aliyesomea kazi yake Korea na asiyependa mtu aisahau hiyo Korea.

"Bi Ibtisam mwenyewe! Karibu. Usiguse kitu. Mara ya mwisho alipogusa mpelelezi nilikaza skrubu siku mbili."

"Mishal wa Al-Safa alichukua kwako viegemeo viwili?"

"Viwili. Kimoja kikaregeshwa na dereva wake, ndani ya mfuko wa mkate. Hichi hapa, mpaka leo kina chenga za mkate." Alikitoa kwenye droo: pete ya plastiki iliyojaa brashi ngumu kama za mswaki, na uwazi mdogo katikati. "Hiki huushika mshale pande zote. Ukipanda mlima, ukianguka, mshale haudondoki. Mimi mwindaji mgeni ningempa hiki."

"Kwa nini Mishal alikikataa?"

"Kwa sababu manyoya hupita kwenye brashi. Yanachakaa, na mshale unapoteza mwendo kidogo. Yeye akataka kile cha kuanguka: kinaubeba mshale, ukiachia ugwe kinalala chini, manyoya yanapita hewani. Kizuri, lakini kinataka kupangwa. Hakisamehe."

"Nani alikipanga?"

"Yeye. Mimi nilisimama tu. Huyo kijana, tabia sijui, lakini mkono anao. Alitandika karatasi mbele yake, karibu, akapiga. Karatasi ikichanika mkia juu, anapandisha kiegemeo unywele mmoja. Mkia kushoto, anakisogeza kulia. Anapiga tena. Asubuhi nzima. Mtu mwingine angeridhika na mchano mdogo. Yeye alitaka tundu moja tu, safi. Alipolipata akalipiga picha akawatumia wenzake."

"Kwa nini karatasi iwe karibu?"

"Kwa sababu mbali manyoya yameshaunyoosha mshale. Karatasi ya mbali inakudanganya. Ya karibu inakwambia ulivyotoka."

Ibtisam alitoa kipande cha turubai kisicho na tundu. "Fanya hivyo kwa hiki. Upinde wa aina ileile, kiegemeo cha aina ileile, umbali niliokuandikia. Kwanza kimekazwa. Kisha kimelegea kama kilivyolegea kile."

Rayan alilibana turubai kwenye fremu, akapima umbali, akapiga. Mshale ulitoa sauti fupi. Tundu lilikuwa duara lenye pasuko tatu. Alipiga mara ya pili na ya tatu, na kila mara likawa hivyohivyo.

Alichukua alenki akalegeza skrubu mpaka Ibtisam, kwa kidole, aliporidhika kuwa ulegevu ni uleule. Akavuta. Mshale uligonga chuma kabla ya kutoka, sauti kavu, na plastiki ikachanika kwa mlazo kama mfuko uliokatwa kwa meno. Manyoya mawili yalikuwa na alama nyeupe za kukwaruzwa. Mara ya pili mchano ulielekea upande mwingine. Mara ya tatu mshale haukutoka kabisa. Ulianguka miguuni mwa Rayan.

"Rudia ukigeuka," alisema Ibtisam, "kana kwamba unamsemesha mtu."

"Nikifa hapa utamwambia nini mama yangu?"

"Kwamba skrubu ilikuwa imelegea."

Rayan alirudia. Mchano ulikuwa mrefu zaidi.

Ibtisam alimwonyesha picha ya tundu la istiraha, bila kusema ni la wapi. Rayan aliitazama sekunde moja.

"Hapa kiegemeo kimekazwa. Kimekazwa na kimepangwa na mtu anayejua. Na mpigaji alikuwa amelielekea, miguu na mabega. Ukigeuka nusu hulipati tundu kama hili."

"Utarudia haya Riyadh, kwa upinde wenyewe, mbele ya afisa?"

Safari hii fundi hakufanya mzaha. "Nitarudia."

Alirudia, na Sultan akishuhudia. Matokeo yalikuwa yaleyale.

*

Mishal aliitwa kwa maelezo ya ziada. Alikuja na baba yake, mzee Fahd, aliyevaa joho la bishti kana kwamba amealikwa harusini. Mishal alikuwa kijana mtanashati, ndevu zimechongwa, simu mbili. Ibtisam alikaa pembeni ya meza kama mwakilishi wa utetezi. Sultan aliongoza.

"Hatutakuchosha," alisema Sultan. "Wakili wa dereva ameleta mambo ya kitaalamu. Mimi pinde sizijui. Nimeambiwa wewe ni katika wanaozijua Jeddah nzima."

"Riyadh pia," alisema Mishal.

Sultan aliweka mezani vipande vitatu vya plastiki nyeupe, lebo zikiwa upande wa chini. "Hivi vimepigwa kwa karibu. Nisaidie. Mpigaji gani alikuwa na hitilafu?"

"Jibu ukitaka," alisema Ibtisam kwa Kiarabu. "Hulazimiki."

"Ni jambo la kitoto." Mishal alivuta cha kwanza. "Hiki kiegemeo hakipo kabisa. Kimelegea, mkia umekwenda unakotaka. Aibu tupu." Alivuta cha pili. "Hiki vilevile, na huyu aligeuka akivuta. Nani huyu? Mwambieni anunue kombeo."

"Na hiki?" Sultan alisukuma cha tatu.

Ibtisam aliinama mbele. "Mimi nimesema hiki nacho kimelegea. Tazama, pasuko hii ya kushoto ni ndefu kidogo."

"Si ndefu."

"Naona kama mkia umekwenda kushoto."

"Wewe huoni." Mishal alikichukua akakinyanyua kwenye mwanga. "Duara hili hapa. Moja, mbili, tatu, zote sawa. Hili ndilo tundu ambalo watu wanalitafuta mwezi mzima. Kiegemeo kimekaa imara, mshale umetoka kama risasi. Na mpigaji kasimama sawasawa, kakielekea. Hapa hakuna bahati mbaya, dada. Hapa kuna mkono."

"Una hakika kiegemeo hakikulegea?"

"Kingelegea lisingekuwa hivi. Haiwezekani."

Mzee Fahd alikuwa amekitazama kile kipande tangu kilipoinuliwa. Mwanga ulipita ndani yake, na lebo ya nyuma, yenye mhuri na saini, ilisomeka kinyume.

"Mishal," alisema. "Nyamaza."

Mishal alikigeuza. Alisoma jina la istiraha, tarehe, na saini ya Nakibu Sultan. Alikiweka mezani taratibu, uso wa lebo juu, kisha akaugeuza tena chini, kana kwamba kuna mtu ambaye alikuwa bado hajaiona.

"Skrubu ilikuwa imelegea nilipouchukua upinde," alisema Sultan. "Na wewe umesema haikuwa imelegea ulipopiga. Baada ya mshale, upinde ulikuwa mikononi mwa nani?"

Mishal alimgeukia baba yake.

"Dereva alikuwa wapi?"

"Langoni," alisema Mishal. "Anaosha gari."

"Mpaka tulipofika?"

"Ndiyo."

"Kivuli chake Velma kilionekana?"

"Alikuwa anaosha vyombo." Mishal alilitazama dirisha. "Alikuwa anaimba. Ameshanisema kwa mama yangu, halafu anaimba."

Fahd alisimama, akajikusanyia bishti. "Yalla. Tunaondoka. Wakili wetu atazungumza nanyi."

"Wewe unaweza kuondoka, baba," alisema Sultan. "Yeye, halas, anabaki."

Askari aliyekuwa mlangoni aliingia. Mishal alitoa simu zake mbili kabla hajaombwa, akazipanga sambamba juu ya meza, akatoka mbele ya askari bila kumtazama baba yake. Fahd alibaki amesimama, mkono umeshika mgongo wa kiti kilichoachwa.

Onesmus alichukuliwa maelezo upya alasiri ileile, Ibtisam akitafsiri na mtafsiri wa pili akisikiliza. Kila sentensi ilisomwa mara mbili. Walipofika kwenye kuregesha, mtafsiri wa pili aliinua mkono, akataka maana, akapewa, akaiandika pembeni. Shtaka la kulegeza kiegemeo lilifutwa. Askari alimfungua pingu, na Onesmus akaendelea kuiweka mikono yake pamoja mapajani.

"Sasa niende wapi?" aliuliza.

"Unataka wapi?"

"Kwetu. Lakini exit ni ya kafili. Asiposaini siendi. Na Velma je? Bado yuko kwenye baridi?"

"Bado. Naye ni saini ya kafili."

"Huyohuyo mmoja?"

"Huyohuyo."

Ibtisam alirudi chumbani kwa Sultan. Fahd alikuwa bado hajaondoka. Sultan alimwekea mbele karatasi mbili za kutoka nchini moja kwa moja, za rangi moja na maneno mamoja, ya dereva na ya marehemu. Fahd alisema miwani yake iko garini. Sultan alisema herufi ni kubwa. Fahd alisema atasaini ya dereva leo, ile nyingine mpaka ashauriane. Sultan alivua kifuniko cha kalamu, akaiweka juu ya ile nyingine.

Saa kumi na moja na dakika ishirini alasiri, mzee Fahd alisaini ya Velma kwanza, kisha ya Onesmus.